Kamba Tuliyoipeleka Kimulot

Nilitoka Chepilat kwenda Kimulot kumtafuta ndugu yangu ndani ya maji. Nasema hivyo mwanzoni kwa sababu walioniona nikipanda pickup ya maziwa pamoja na mwuza samaki walisema mengi sokoni, na mimi sina nguvu ya kujibu kila mdomo. Nitasimulia mara moja, halafu mniache.

Kiprono alikuwa kitinda mimba wetu. Alikuwa ameandikwa kazi kwenye shamba kubwa la majani chai karibu na msitu wa Mau, na kazi yake ilikuwa kutoa magugu kwenye bwawa linalopeleka maji kiwandani. Alikuwa akiingia na mashua ya bati ya shamba, anaifunga katikati ya maji, anavuta magugu kwa reki, anarudi. Ulikuwa mwaka wa ile mvua ya Elnino, na magugu yalikuwa yakiota kuliko watu walivyoweza kuyang'oa. Basi Wesley, kijana wa shemeji yangu anayekusanya maziwa na pickup, akaja mbio akitoka huko juu, akanikuta kwa mama yangu. Mashua ilikuwa imepinduka. Kiprono hajaonekana.

Mama alikuwa akipukuchua mahindi. Woi, nilifikiri ataanguka. Hakuanguka. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu mkononi, ndipo akaniangalia.

"Mama Kibet, niletee mtoto wangu nimzike kando ya baba yake," akasema. "Usiniletee maneno."

Wesley alinivuta kando akanieleza kilichobaki. Bwawa lilikuwa karibu kujaa. Mvua ikipiga tena kwa nguvu, maji yangemwagika juu ya ukuta na kuteremka kwenye bonde la mto, na kilichomo ndani kingeenda nayo. Huko chini ni mawe na msitu. Hakuna mtu angemwona tena Kiprono.

Sokoni Chepilat nilimwendea Ouma. Kila mtu anamjua Ouma kwa ukali wake kuhusu samaki wake, ukimbonyeza mmoja utasikia. Alizaliwa ziwani, akatoka huko akiwa kijana baada ya ziwa kumchukua baba yake, akaapa kuishi mahali ambapo maji yanakaa kwenye sufuria.

"Ouma, wewe unajua mashua."

"Najua kuziogopa, Mama Kibet."

"Huku kwetu hakuna hata mtu wa kuziogopa. Wote hawajui kitu. Twende."

Alinung'unika. Aliuliza nani atauza samaki wake, na kama mimi nimesahau kwamba yeye ana watoto. Lakini huku akinung'unika alikuwa anafunika meza kwa gunia, na akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayekwenda kanisani.

Sotik tulisimama kununua kamba, maana Wesley alisema kule shambani kamba ni zile za ng'ombe tu. Tuliingia kwa Baba Njeri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyekuja kutoka upande wa Nyeri zamani. Duka lake lilichomwa ule mwaka wa vita vya makabila, akalijenga tena palepale, na tangu hapo watu wetu wengi huingia mle wakiangalia chini. Hata mimi niliangalia chini.

"Kamba ya manila," nikasema. "Nene. Ya kuzuia mashua."

"Mashua?" Baba Njeri akacheka. "Sotik hii? Mnavua nini, majani chai?"

Nikamwambia ni ya nini. Akashika kaunta kwa mikono miwili.

"Ngai! Kiprono yule mrefu? Yule wa kucheka? Si alikuwa akinibebea simiti hapa kabla aende huko?" Akavuta kamba. "Urefu gani?"

Nikamgeukia Ouma. Ouma akamgeukia Wesley. "Maji ya hapo yana kina gani?"

"Sijui. Mengi."

"Mengi si kipimo. Bila kujua kina nitajuaje kamba?"

Tulisimama pale tumekwama, watu wazima watatu. Ng'ombe najua kamba yake. Ndama najua. Mimi na mashua tulikuwa hatujawahi kukutana. Baba Njeri alizunguka kaunta akaniwekea begani kamba nzima, bado imezungushwa kama ilivyotoka kiwandani.

"Ya msiba mimi sipimi," akasema. "Nendeni nayo yote."

Kutoka Kaplong hadi Litein ni lami, hakuna cha kusimulia. Tulipoiacha lami kuelekea Kimulot, barabara ilikuwa uji. Madebe ya maziwa yalikuwa yakigongana nyuma, Ouma ameshika kamba kifuani kama mtoto. Pande zote mbili chai imekatwa sawasawa mpaka kwenye mawingu. Watalii wangeshuka wapige picha. Mimi ule ukijani ulinichukiza, kwa sababu ulikuwa umenawiri kwa ile mvua iliyojaza bwawa. Tulikwama mara nyingi tukasukumwa na wachuma chai, na walipoambiwa tunakwenda wapi waliacha utani, wakasukuma.

Kimulot tulifika jioni, manyunyu yakianguka. Rael, mke wa Kiprono, alikuwa amekaa mlangoni pa kile chumba chao cha kambi. Viatu vya Kiprono vya kanisani vilikuwa vimepigwa rangi, vimepangwa kando yake. Nikamkumbatia. Alikuwa baridi.

"Nimevisafisha," akasema. "Atavaa nini?"

Mzee aliyetupokea aliitwa arap Mutai. Alikuwa nyapara wa maji, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, na ndiye aliyemtafutia Kiprono ile kazi. Alikuwa hajalala, macho mekundu. Alitupeleka bwawani kabla giza halijaingia. Mashua ilikuwa imevutwa nchi kavu, na kamba yake ya katani bado imefungwa puani, na upande wa pili jiwe kubwa.

"Mashua ilikuwa imefungwa vizuri kabisa," arap Mutai akasema kabla hatujauliza. "Kamba niliipima mimi mwenyewe. Ni upepo tu. Upepo wa Mau ni mbaya."

Ouma alichuchumaa. Akashika ile kamba akaipima kwa mikono iliyotanuliwa, kipimo ambacho watu wa maji hukiita pima. Ilikuwa pima tatu na kipande kidogo cha fundo.

"Na maji pale katikati?"

"Pima tatu," arap Mutai akajibu haraka. "Inafika chini sawasawa. Haikulegea hata kidogo."

Ouma akaiweka chini polepole. Akajipangusa uso kwa kofia yake, akasema tuanze asubuhi. Mimi sikuelewa kile kimya chake.

Asubuhi kulikuwa na ubishi kwanza. Arap Mutai alisema mwanamke haingii katika kazi kama hiyo. Nikamwambia, "Mzee, mimi na Kiprono tumetoka tumbo moja. Nani hapa ana haki zaidi?" Nikaingia mashuani, nikakaa. Akapanda nyuma yetu.

Tulikuwa na mianzi mirefu, na ncha zake zimefungwa vyuma vilivyopindwa na fundi wa kiwanda. Kazi ilikuwa ni kuisimamisha mashua mahali pamoja, kupapasa chini pande zote, kisha kusogea. Jiwe alilitupa arap Mutai, kwa kamba ileile ya katani. Mimi nilitaka tutumie ile ya Baba Njeri, akasema hiyo ni ya kuharibu bure, iliyopo inatosha. Tukapapasa. Matope, magugu, kisiki. Kila chuma kilipogusa kitu nilifumba macho. Tulipapasa mpaka mikono ikachubuka, na Ouma hakuwa akiangalia maji kabisa. Alikuwa akiangalia ng'ambo.

"Ouma, unaota?" nikamwuliza kwa ukali.

"Angalia ule mti wa bluugamu, na bomba la moshi la kiwanda nyuma yake. Tulipoanza vilikuwa vimesimama pamoja. Sasa mti umeenda huko. Mti hautembei, Mama Kibet. Sisi ndio tunatembea."

Kumbe tangu asubuhi tulikuwa tukiburutwa na upepo mdogo tu, tunapapasa palepale mara mbili, na mahali pengine hatukugusa kabisa. Nilitaka kulia kwa hasira.

"Mashua imefungwa!" arap Mutai akasema.

"Imefungwa, mzee, lakini jiwe linaning'inia. Kamba ni fupi. Mashua ikiinuka, jiwe linainuka. Kinachoshika mashua si uzito. Kamba lazima ilale, ivute kwa upande chini kule, ndipo kitu kinashika. Maji ya pima tatu, siku tulivu, toa pima tisa. Upepo ukija toa kumi na tano. Ukizidi, ongeza tena."

"Pima kumi na tano!" Arap Mutai alicheka, kicheko kibaya. "Hata ng'ombe mwenye wazimu hapewi hiyo. Kamba ndefu ni ya kupoteza mnyama."

Na mimi, kusema kweli, nilikuwa upande wake. Huku kwetu ndivyo tunavyofunga. Mashamba yamebanana. Ukimwachia ng'ombe kamba ndefu, mchana yuko kwenye mahindi ya jirani na kesho mko kwa chifu. Mtoto wa kwetu anajua kufunga kamba fupi kabla hajajua kusoma. Ukitaka kitu kisiende, unakifupishia.

"Ng'ombe anavuta ardhi isiyopanda wala kushuka," Ouma akasema taratibu. "Maji yanapanda. Wimbi likija na kamba haina nafasi, pua ya mashua inashikwa chini. Haiwezi kuinuka. Maji yanaingia kwa mbele na..."

Hakumaliza. Aliona uso wa mzee, na mimi nikauona. Arap Mutai alikuwa ameifumbata ile kamba ya katani kwa mikono miwili. Ndipo nikaelewa kwa nini Ouma alinyamaza jana, na kwa nini huyu mzee anang'ang'ania kamba yake. Kama Ouma alisema kweli, basi si upepo uliomzamisha Kiprono. Ni ile kamba, iliyopimwa kwa moyo safi na mtu aliyempenda, ifike chini sawasawa, isilegee hata kidogo.

Nilitaka kumsukuma majini. Nasimulia kama ilivyokuwa. Nilishika ubao wa mashua kwa nguvu ili mikono yangu isifanye kitu.

"Tupeleke ukingoni," nikasema. "Ushuke, mzee."

Alishuka, akaenda akasimama chini ya miti.

Mchana tulianza upya, Ouma na mimi. Jiwe tuliliacha ukingoni. Ouma alichukua majembe mawili ya meno, yale ya kuchimbia viazi, akayafunga pamoja meno yakiangalia pande mbili, na hiyo ndiyo ikawa nanga yetu. Kamba ya Baba Njeri ikafungwa hapo. Nikasema basi tuitoe yote tumalize maneno.

"Aa-a," Ouma akasema. "Yote pia inaua. Angalia kule."

Upepo ulikuwa ukitoka Mau, ukisukuma kila kitu kuelekea ukuta wa bwawa, na pembeni mwa ule ukuta kulikuwa na mdomo wa kumwagia maji. Maji tayari yalikuwa yanalamba ukingo wake. Kamba ikiwa fupi tungeburutwa hadi pale. Ikiwa ndefu kupita kiasi, nanga ingeshika vizuri lakini sisi tungening'inia mdomoni penyewe. Kwa hiyo Ouma alipiga kasia mpaka juu kabisa, upande wa msitu, ndipo tukashusha nanga. Kazi ya kamba ikawa yangu. Nilitoa pima tisa, akaniambia nifunge. Akavuta kujaribu. Meno yakauma matope. Nikatoa hadi kumi na tano. Mti na bomba vikasimama pamoja, na havikutengana.

Kwa mara ya kwanza tangu habari zitufikie nilipumua. Tulipapasa kwa mpangilio, tunaongeza kidogo, tunapapasa tena. Hatukumpata.

Saa nane, kama kawaida ya nchi ya chai, mbingu ilifungwa. Ikaja mvua ya mawe. Mlio wake kwenye bati ya mashua siwezi kuusahau, na yale mawe yalitupiga mgongoni na kichwani mpaka tukajifunika magunia. Upepo ukaamka. Mawimbi ambayo sikujua bwawa dogo linaweza kuyazaa yakaanza kupiga puani, na mara ya kwanza pua iliposhikwa, maji yakaingia hadi magotini. Nikaona vile Kiprono alivyoona.

"Ongeza!" Ouma akapiga kelele.

Nikageuka nikaona ule mdomo nyuma yetu, maji sasa yanapita juu yake, meupe. Kila pima ningetoa ingetusogeza kule. Mikono yangu iliyozoea kufunga ng'ombe ilikuwa inaniambia vuta, fupisha, shika karibu.

"Mama Kibet, ongeza! Ipe!"

Nikaipa. Pima moja, nyingine, nyingine, kamba ikinichoma viganja. Tulipofika kama ishirini mashua ilibadilika. Pua ikainuka juu ya wimbi, ikashuka, ikainuka. Haikushikwa tena. Nikafunga, nikalia kwa sauti, Ouma akiteka maji kwa kofia yake na kuomba Mungu kwa Kijaluo. Ukingoni arap Mutai alikuwa amesimama peupe, bila koti, mawe yakimpiga kipara, anatutazama tunavyopanda na kushuka.

Mawe yalipokoma tulikuwa mahali ambapo hatujawahi kufika, karibu kabisa na mdomo, penye nyasi ndefu za majini. Ouma alipeleka mwanzi mara moja tu. Akaushikilia. Akaniangalia.

Alikuwa na lile koti lake la mpira la kijani, na vifungo vyote vimefungwa. Nyasi zilikuwa zimemshika na maji yanamvuta kuelekea kule kwenye kelele. Tulimshika mkono, mimi na Ouma, na sitasimulia zaidi ya hapo.

Safari ya kurudi ilikuwa kesho yake, baada ya mambo ya polisi. Wesley alikuwa ameshusha madebe yote. Kiprono alilala nyuma katika sanduku ambalo mafundi wa kiwanda walilitengeneza usiku, amevaa vile viatu vyake, Rael na mimi kila mmoja upande wake. Tulipokuwa tunaondoka arap Mutai alikuja na kofia mkononi.

"Nataka nafasi," akasema. "Kuna neno nataka kumwambia mama yenu. Nilisema ni upepo. Haukuwa upepo."

Nilikuwa na maneno tayari kumjibu, makali. Nikamwangalia kipara kilivyovimba kwa mawe. Nikasogea, akapanda.

Wachuma chai walisimama mistarini tulipopita, vikapu mgongoni, hawachumi. Sotik, Baba Njeri alikuwa amefunga mlango mmoja wa duka, amesimama mbele yake mpaka tulipopotea. Hakuna aliyepunga mkono. Njia nzima arap Mutai alikuwa ameshika kona ya sanduku isirukeruke kwenye mashimo.

Chepilat, alimwendea mama moja kwa moja, mbele ya watu wote waliojaa uani. Akapiga magoti, mzee yule.

"Mama, ile kamba iliyomuua niliipima mimi. Niliifupisha nikidhani namlinda."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Nilimwogopa mama yangu wakati ule. Halafu akauliza, "Umekula, arap Mutai?"

Mzee alilia kama mtoto, na mama akaagiza aletewe chai.

Kaburini tulitumia kamba ya Baba Njeri, imekatwa vipande viwili, kimoja kichwani, kimoja miguuni. Ouma alishika, Wesley akashika, na arap Mutai akaomba kona ya kichwani. Wenzake walipoanza kushusha, yeye hakuweza kuachilia. Sanduku likainama, miguu chini, kichwa juu, na watu wakaguna. Vidole vyake vilikuwa vimeganda. Nilimwendea nikamshika kiwiko.

"Mpe kamba, mzee," nikamwambia sikioni. "Mpe tu. Ongeza."

Akampa, kidogo kidogo, mpaka Kiprono akafika chini.

Nilichojifunza si kingi, na sikukitaka. Ukifunga chombo majini, pima maji kwanza, kisha toa mara tano ya kina chake, na upepo ukizidi uzidishe, ukiangalia nyuma yako kuna nini. Kila anayekwenda kufanya kazi kule kwenye mabwawa namwambia, nao hunicheka, mwanamke wa ng'ombe anafundisha mashua. Wacheke.

Kipande kimoja cha ile kamba mama alikichukua, akamfungia ng'ombe wake, urefu wote, hakukata. Nilimwambia, "Mama, atafika kwenye mahindi ya jirani." Akanijibu kwamba anajua. Ng'ombe amekula mistari mitatu sasa. Kila jioni jirani humrudisha mwenyewe, anamfunga pale pale kwa kamba ileile, na hajaifupisha.